Kioo Kikubwa kwenye Barabara ya Vumbi

Wengine huanza mapenzi kwa tabasamu. Hawa walianza kwa ugomvi, tena ugomvi wa gauni.

Ilikuwa mchana katika mtaa wa maduka ya vitambaa, saa ile ambayo huwezi hata kugeuka bila kumkanyaga mtu. Mikokoteni, pikipiki, wauza mikanda wanaokupigia kelele masikioni. Fundi cherehani alikuwa anakatiza katikati ya vurugu hiyo na furushi la lesi kwapani, amevaa gauni la manjano lenye vifungo vya kijani kuanzia shingoni hadi kiunoni. Gauni hilo alilibuni mwenyewe, akalikata mwenyewe, na akaapa kwamba hatamshonea mwanamke mwingine hata apigiwe magoti.

Mara akamwona mwanamke anamjia mbele, amevaa gauni lile lile.

Damu ilimchemka. "We dada! Nani kakushonea hilo gauni?"

Yule mwanamke naye akamkunjia uso, mdomo unakwenda, sauti haitoki. Fundi akasogea kushoto ampite kwa dharau. Mwenzake akasogea upande ule ule. Akarudi kulia, naye huyo.

"Chagua upande mmoja basi! Unanizibia njia!"

Kichwa cha mwanamume kikachungulia pembeni, kofia imejaa vumbi, meno yote nje. "Dada, huyo hatakujibu. Ni wewe mwenyewe."

Kumbe kilikuwa kioo, kipana kama mlango, na fundi vioo alikuwa amekikumbatia kwa nyuma akikipeleka kwenye gari. Mtaa mzima ulicheka. Muuza mikanda mmoja alikaa chini kabisa akishika mbavu. Fundi cherehani alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ila mimi," yule mwanamume akaendelea, "ningekuwa wewe nisingemwuliza habari za fundi wake. Ningemwomba namba ya simu."

"Mwombe basi. Akikupa yake, nami nitakupa yangu."

Jamaa akainamisha kichwa, akakinong'oneza kioo, akatega sikio. "Anasema yeye hana kinyongo. Anakusubiri wewe."

Jamani, ungekuwa wewe ungefanyaje? Alimpa.

Jioni ile ile simu ikaita.

"Haloo, Sindano."

"Sindano ndiyo nani?"

"Wewe. Ulimi wako unachoma."

"Na wewe nikuiteje? Bwana Kioo?"

"Niite utakavyo, mradi uniite kila siku."

Akamwita kila siku. Mchana walikunywa chai kwenye benchi nje ya duka la nguo, yeye nyuzi zimemganda kwenye nywele, mwenzake vidole vimejaa mikwaruzo ya vioo. Sindano alikuwa akimfunga vidole hivyo kwa vipande vya satini vilivyobaki kwenye magauni ya watu, ikawa fundi vioo anapanda ngazi za ghorofa na utepe wa waridi kidoleni, mafundi wenzake wanamtania, naye wala hana habari.

Wote wawili walikuwa watoto wa mjini, hawajawahi kutoka nje ya mji hata siku moja. Chumba alicholelewa Sindano na shangazi yake kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta. Bwana Kioo aliweka madirisha kutwa, lakini nje ya kila dirisha aliloweka kulikuwa na dirisha la jirani. Walikuwa wamezoea, hawakujua kama wanakosa kitu.

Sasa, katika duka lile alikoshonea Sindano kulikuwa na mpiga pasi, mama mzito wa mwili na mwepesi wa mdomo. Walimwita Mama Pasi. Asubuhi moja alimvuta Sindano nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

"Mwanangu, kaa chini."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Fundi vioo wako kapiga simu hapa jana ulipokuwa umetoka. Kaagiza gauni la harusi. Kasema ni la bibi harusi wake, na kaniapisha nisikwambie."

Moyo wa Sindano uliruka kwa furaha. Kisha Mama Pasi akataja vipimo: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Fundi cherehani anaijua miili ya wateja wake, sembuse wake mwenyewe! Havikuwa vipimo vyake. Kiuno kama kile alikuwa nacho alipokuwa shule. Akamwona huyo mwanamke mzimamzima mbele ya macho yake: mfupi kidogo, mwembamba, wa kupendeza kama kikombe cha kahawa.

"Ulisikia vizuri?" aliuliza.

"Nilimrudisha nyuma mara mbili, mama. Akarudia vile vile."

Hakumpigia simu kumwuliza. Akauliza nini? Aliizuia namba yake, akainamia cherehani. Bwana Kioo alipokuja dukani, Mama Pasi akatumwa mlangoni.

"Hayupo."

"Naona viatu vyake chini ya pazia."

"Nimesema hayupo. Habari za gauni amezipata."

Maskini fundi vioo! Kwake maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: Sindano amejua kwamba nataka kumwoa, na hili ndilo jibu lake. Akasema ahsante, akaondoka. Naye hakuuliza. Watu wawili wenye midomo ya namna ile, siku moja tu waliyotakiwa kuitumia, wakaifunga! Mimi hapo ningewachapa vibao wote wawili.

Majuma machache baadaye Sindano alipata kazi ya kufundisha ushonaji katika chuo kimoja, mji wa mbali. Alimwambia shangazi yake kwamba anafuata kazi. Hakumwambia kwamba anakimbia. Moyoni alikuwa ameshapanga: akishafika kule, ndiyo basi, hatarudi, na jina la Bwana Kioo halitatoka tena mdomoni mwake.

Siku ya safari, wamefika stendi yeye na shangazi yake, wakakuta mabasi yote yamelala. Daraja la barabara kuu limefungwa, linatengenezwa, hakuna kuondoka mpaka kesho. Na chuo kilikuwa kimesema: asiyefika asubuhi ya kesho, nafasi yake anapewa mwingine.

Wakati Sindano anauma kucha, pikapu ikaingia kituo cha mafuta cha pale stendi. Nyuma yake kulikuwa na kioo kikubwa ajabu, kimesimamishwa kwenye fremu ya mbao na kufungwa kamba, kinatazama nje, na stendi nzima ilikuwa inatembea ndani yake.

"Si yule kijana wako wa vioo?" Shangazi akasema. Kabla Sindano hajamshika mkono, ameshavuka. "Mwanangu! Kioo hicho kinaenda wapi?"

"Shikamoo, Shangazi. Kwenye saluni mpya." Akautaja mji. Ulikuwa mji ule ule wa chuo.

"Na daraja?"

"Nitapita barabara ya zamani, ile ya vumbi, inayozunguka huko mashambani."

"Unaijua?"

"Siijui. Nitaijua nikiwa ndani yake."

"Basi mpakie mwenzio."

Wawili hao wakatazamana. Kukataa kungetaka maelezo, na maelezo hayakuwepo. Sindano akapanda, amevaa suruali nyeusi na blauzi ya bluu ya mikono mirefu, cherehani yake mapajani, uso umevimba kama andazi. Shangazi akawapungia mkono kwa furaha.

Waliacha mji bila neno. Mwishowe Sindano akashindwa kuvumilia.

"Bibi harusi hajambo?"

Bwana Kioo akadhani anadhihakiwa. "Wewe ndiye wa kuniambia."

"Mimi?"

"Wewe."

Sindano akageukia dirishani, machozi yakimchoma. Mwanamume hana hata haya, alijisemea.

Lami ikaisha. Nyumba zikaanza kuachana, moja hapa, nyingine kule, kisha zikaisha zenyewe. Pikapu ikapanda kilima kirefu ikikohoa, ikafika juu, na upande wa pili hapakuwa na kitu chochote cha kuyazuia macho.

"Simamisha," Sindano akasema.

"Unaumwa?"

"Simamisha tu."

Akashuka, akaacha mlango wazi. Chini yao kulikuwa na bonde. Palikuwa na mashamba ya alizeti, manjano tupu mpaka kwenye mto, na ng'ambo ya mto nyasi, na ng'ambo ya nyasi vilima, na nyuma ya vilima vilima vingine vilivyozidi kuwa vya bluu mpaka usijue kipi kilima na kipi wingu. Maisha yake yote macho yake yalikuwa yakienda hatua chache yanagonga ukuta. Sasa yalikwenda, yakaenda, hayakugonga kitu. Alisikia kizunguzungu, akashika boneti ya gari.

"Kile nini?" akanong'ona.

Mbali kule, upande mmoja wa bonde, pazia la kijivu lilikuwa limeshuka kutoka angani hadi chini. Pembeni mwake jua lilikuwa linawaka.

"Mvua," Bwana Kioo akasema, naye sauti imepungua.

"Mvua gani hiyo? Mbona hapa hainyeshi?"

"Inanyesha kule tu."

Mvua aliijua Sindano kama kitu kinachokuangukia kichwani ukakimbia. Hakuwahi kuiona nzima, ilipoanzia na ilipoishia, inatembea taratibu juu ya mashamba. Aliitazama mpaka ikapita nyuma ya kilima. Palikuwa kimya, kimya ambacho hajawahi kukijua, alisikia moyo wake mwenyewe unavyopiga. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, akalia, wala hakujua analilia nini hasa.

Bwana Kioo alisimama upande wa pili wa gari. Alitamani kumshika mkono mpaka mkono wenyewe ukamuuma. Alipogeuka akaliona bonde lote ndani ya kioo, alizeti, mto, vilima, anga, na pembeni chini kabisa watu wawili wadogo waliosimama kila mmoja upande wake.

"Mungu wangu," akasema. "Sisi tulikuwa wapi siku zote?"

"Kwenye kabati," Sindano akajibu, akipangusa pua.

Wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba wamenuniana, wakarudi garini.

Mbele zaidi kundi la ng'ombe liliziba njia. Dume moja jeusi likapita ubavuni mwa pikapu, likaona dume jingine jeusi ndani ya kioo, likasimama. Likatikisa pembe. Lile jingine nalo likatikisa.

"Washa gari," Sindano akasema.

"Yuko mbele yangu ng'ombe mwingine."

"Piga honi!"

"Nikipiga honi ndiyo atajua ametukanwa."

Dume likalamba kioo kwa ulimi mrefu, ulimi ukakutana na ulimi, likashtuka, likaondoka zake na heshima yake. Safari hii walicheka mpaka wakashika mbavu, na walipomaliza palikuwa pagumu kununa tena kwa kiwango kile kile.

Mchana ukiwa umeiva, gari likaanza kutoa moshi. Juu ya kilima kulikuwa na nyumba moja ya matofali, imekaa peke yake. Wakaomba maji ya kuweka kwenye rejeta. Mama mwenye nyumba, mjane mchangamfu wa makamo, hakutazama rejeta. Alitazama kioo.

"Wewe ni fundi vioo?"

"Ndiyo, mama."

"Ingia ndani haraka, wewe umeletwa."

Dirisha la sebule lake lilikuwa limevunjwa na upepo, naye alikuwa ameliziba kwa ubao tangu msimu uliopita. Chumba kilikuwa giza mchana kweupe. Bwana Kioo hakosi vipande vya vioo garini. Akatoa futi, akalipima tundu la dirisha, akataja kipimo kwa sauti, kisha akalaza kioo mezani na kukitia alama. Sindano alikuwa ameshika upande wa pili, na jicho lake ni la fundi.

"Umekosea."

"Sijakosea."

"Umetaja kipimo kingine, umetia alama ndani yake."

"Nimepunguza. Kioo hukatwa kidogo kuliko tundu lake. Ukikikata sawasawa hakiingii, ukilazimisha kinapasuka. Unapunguza kila upande, na kikiwa kikubwa unazidi kupunguza."

"Sisi tunaongeza," Sindano akasema. "Mtu anapumua, anakaa, anakula. Usipoongeza, nguo inachanika."

"Mimi mkono umeshazoea. Hata nikipima kabati la kwangu, napunguza bila kujua."

Alikata kioo, kikatoa mlio mezani. Sindano alikuwa ameacha kumsikiliza. Aliuachia upande wake wa kioo.

"Bwana Kioo."

Aligeuka upesi. Alikuwa hajaitwa hivyo siku nyingi.

"Lile gauni. Ulimpima nani?"

"Unaniuliza kweli au unanicheka?"

"Nakuuliza kweli."

"Nilikupima wewe, Sindano! Nimpime nani mwingine? Nilikukumbatia siku moja pale kwenye benchi, pale vidole vilipofika nikatia alama kwenye mkono wa shati, nikaenda kulipima shati nyumbani. Urefu nilikupimia kwenye mlango wa duka."

"Halafu?"

"Halafu nikampigia Mama Pasi."

"Kabla hujampigia. Ulifanya nini na vipimo?"

Bwana Kioo akaiweka futi chini. Akatazama kioo kilichokatwa, akamtazama Sindano.

"Nikapunguza," akasema.

"Wapi?"

"Kila upande."

"Pande ngapi?"

"Nne."

"Mimi nina pande nne?"

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa anaingia na chai, akaiweka chini akatoka tena akicheka. Sindano alikaa sakafuni. Alicheka na yeye, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio.

"Nilijua una mwanamke mwembamba," akasema. "Nilimwona mpaka usingizini. Nilimchukia mpaka viatu vyake."

"Mimi nilijua umenikataa. Mama Pasi aliniambia habari umezipata."

"Mbona hukuniuliza?"

"Mbona wewe hukuniuliza?"

Sindano aliona alivyokaribia. Angefika kule, angeshuka na cherehani yake, angeaga kwa kichwa tu, na angezeeka hajui kwamba gauni lile lilikuwa lake. Akajifuta machozi, akasimama.

"Tuweke kioo cha watu," akasema.

Wakaking'oa kile kibao pamoja. Mwanga ukaingia kwa nguvu hata wakafumba macho. Walipoyafumbua, lile bonde lote walilolipita lilikuwa pale, ndani ya fremu, barabara yao nyembamba ikipinda katikati ya manjano. Bwana Kioo alikiegemeza kioo mahali pake. Kiliingia taratibu, kikakaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuweka dirisha ambalo nje yake kulikuwa na dunia. Alisimama pale akikitazama, mikono imejaa gundi, macho yamelowa, hana aibu.

"Nauliza kwa mdomo wangu sasa," akasema bila kugeuka. "Bila Mama Pasi. Nikuoe, Sindano?"

"Na kazi yangu?"

"Huko uendako hakuna madirisha?"

Sindano akatabasamu, lakini akatikisa kichwa. "Shangazi ndiye aliyenilea. Nimemdanganya kuhusu safari hii. Sitaki kumjibu mtu yeyote jambo kubwa hivi kabla sijamwambia yeye ukweli."

"Sawa," akasema Bwana Kioo. Ilimuuma kidogo, lakini sawa.

Simu hazikuwa na mtandao kule juu. Mama mwenye nyumba akawajazia rejeta maji, akawaombea njia njema, wakaondoka. Walikwenda saa nzima wakionyeshana vitu kama watoto: ndege weupe walioruka pamoja kutoka mtoni, ardhi nyekundu, mti mmoja uliosimama peke yake katikati ya shamba lote. Kila aliposhangaa mmoja, mwenzake alishangaa mara mbili. Jua lilikuwa limeanza kulainika walipoona paa za mji kwa mbali, na hapo hapo simu ya Sindano ikaita.

"Haloo, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Mko wapi nyinyi? Napiga kutwa nzima hampatikani! Mmefika?"

"Tunakaribia. Shangazi, leo nimeona mvua."

"Mvua? Hata huku tunayo."

"Hapana, Shangazi. Nimeiona yote."

"Umelia wewe. Sauti yako naijua. Kunani?"

"Nilikudanganya. Sikuwa nafuata kazi tu. Nilikuwa namkimbia huyu fundi vioo."

"Unamkimbia ndani ya gari lake?"

Bwana Kioo alibana kicheko, usukani ukayumba.

"Nilidhani anaoa mwingine," Sindano akasema. "Kumbe ni mimi. Leo kaniuliza."

"Na umemjibu nini?"

"Sijamjibu. Nilitaka usikie wewe kwanza. Shangazi, nimekubali. Nampenda, naolewa naye."

Pikapu ikasimama pale pale katikati ya barabara. Kwenye simu vigelegele vilipigwa mpaka Sindano akaiweka mbali na sikio. Bwana Kioo alikuwa ameachia usukani, amefunika uso kwa mikono yake miwili yenye mikwaruzo, mabega yanatikisika.

"Mpe simu," Shangazi akaamuru.

Akapokea. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Endesha polepole. Hapo umembeba mtoto wangu wa pekee."

"Ndiyo, Shangazi," akasema, akamrudishia Sindano simu, akaondoa gari taratibu.